Mjamzito anaposita kuchanjwa: jinsi ya kukaa naye na kuzungumza

Mwongozo huu ni wa yeyote anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mjamzito: mhudumu wa afya wa kijiji, muuguzi wa kliniki, mkunga, hata shangazi au wifi aliyesikia kwamba mwenzake anaikwepa sindano. Nitaegemea chanjo ya pepopunda, kwa sababu ndiyo inayotolewa kliniki kwa wajawazito Tanzania na Kenya, na ndiyo niliyoizungumzia mabarazani na majikoni kwa miaka mingi.

Niseme mapema ninachokiamini. Mwanamke anayesita si mkaidi, wala si mjinga. Mara nyingi ana swali moja tu linalomkaa rohoni, na katika wote waliomhimiza hakuna aliyemuuliza ni swali gani. Hatua zote zilizo hapa chini zinalitafuta swali hilo.

Hatua ya 1: Jiandae wewe kwanza

Usitoke nyumbani na maneno ya "chanjo ni muhimu". Toka ukiwa unaujua ugonjwa wenyewe.

Vijidudu vya pepopunda viko kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na hukaa humo miaka. Havitoki mtu kwa mtu. Mtoto mchanga huvipata kitovuni: kwa wembe au kisu kisicho safi, kwa uzi uliookotwa popote, au pale kitovu kinapopakwa majivu, vumbi au kinyesi cha ng'ombe ili kikauke upesi. Mtoto huyo huzaliwa mzima. Ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo, watu wanakuja kumwona, jina linatafutwa. Kisha, kuanzia siku ya tatu hadi ndani ya siku 28, mdomo unakaza. Hawezi kulishika titi. Akiguswa, au mlango ukigongwa kwa nguvu, mwili mzima unakakamaa na kupinda. Huku pwani wengi waliliita dege, wakidhani ni pepo, wakaenda kumzingua mtoto. Hata jina tulilolipa gonjwa hili lina pepo ndani yake. Asipopata matibabu ya hospitali, mtoto aliyefikia hapo ni nadra kupona.

Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 25,000. Tanzania ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kwa mama na mtoto mchanga, kwa maana ya kutokuwa tena tatizo la afya ya jamii, mwaka 2012. Kenya mwaka 2018. Ni habari njema, lakini ndiyo pia inayotupa kazi. Binti wa miaka 22 leo hajawahi kumwona mtoto mwenye pepopunda, kwa hiyo anaiona sindano, haoni inachokizuia. Wala ugonjwa huu si kama ndui, iliyofutika kabisa duniani. Vijidudu vyake viko kwenye mchanga wa uani kwake leo hii, na vitaendelea kuwapo.

Sasa chanjo. Kwenye kadi utaona TT, yaani ya pepopunda peke yake, kwa kadi za zamani, au Td, ambayo imeongezwa kinga ya dondakoo. Haina kijidudu hai ndani yake. Ni ile sumu ya kijidudu iliyoondolewa makali, mwili wa mama ukaiona na kujifunza kuipiga. Kinga anayoitengeneza inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye anazaliwa nayo.

Kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, ratiba ni hii. Dozi ya kwanza ni mapema kadiri iwezekanavyo, anapoanza kliniki. Ya pili ni wiki 4 au zaidi baada ya hiyo, na iwe imebaki angalau wiki 2 kabla ya kujifungua, ili kinga iwahi kupanda na kuvuka kwenda kwa mtoto. Ya tatu ni miezi 6 baada ya ya pili, au mimba inayofuata. Ya nne mwaka mmoja baadaye, na ya tano mwaka mmoja tena. Akimaliza tano, amekingwa kwa umri wake wote wa kuzaa. Ishike ratiba hii kichwani, kwa sababu "mbona mnatuchoma mara nyingi hivyo?" ni swali utakaloulizwa, na ukibabaika hapo umekwisha.

Jambo jingine la kujiandaa nalo: ukiulizwa kama chanjo zote ni salama kwa mjamzito, usijibu ndiyo. Si kweli. Chanjo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kama ya surua na rubella, hachomwi mjamzito; ya homa ya manjano huahirishwa, isipokuwa pale hatari ya ugonjwa wenyewe ni kubwa. Mwambie hivyo waziwazi. Nimeona nyuso zikilegea nilipotamka "hiyo hapana, hupewi". Mtu akishasikia kwamba unaweza kusema hapana, ndiyo yako inakuwa na uzito.

Hatua ya 2: Chagua mahali na saa

Foleni ya kliniki si mahali pa mazungumzo haya. Ameamka alfajiri, ana njaa, nyuma yake kuna wanawake 30, na kila neno linasikika. Mfuate nyumbani, alasiri, akiwa na kazi ya mikono. Piga hodi, kaa uliposogezewa kigoda, ulizia watu wa nyumba, kunywa maji uliyopewa. Ukifika na daftari mkononi umeshakuwa mkaguzi.

Hatua ya 3: Uliza, kisha nyamaza

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Tunauliza, "Umeshachoma?" Jibu ni ndiyo au hapana, na la hapana lina aibu. Uliza hivi: "Mwanangu, hii sindano ya pepopunda umesikia nini juu yake?" Au: "Watu wa hapa wanaisemaje?" Mtu ni rahisi kusema hofu ya jirani kuliko yake, ingawa aghlabu ni hiyohiyo.

Na jihadhari na "nitakwenda". Kwetu sisi kumkatalia mgeni usoni ni utovu wa adabu, basi hapana yetu huja imevaa kanga ya ndiyo. "Inshallah", "nitakwenda tu", "wiki ijayo": ukiyasikia haya mara mbili mfululizo, bado hujajibiwa.

Binti mmoja niliyemtembelea, mimba ya pili, miezi mitano, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimwuliza, akasema nitakwenda, mama. Nikaongea mengine, nikarudi palepale, akasema nitakwenda. Mara ya tatu sikuuliza. Nilikaa tu nikamwangalia anavyokizungusha kifuu, machicha yakidondoka kwenye sinia, mpaka nazi ikaisha na meno ya mbuzi yakaanza kukwaruza gome. Akakiweka kifuu chini. Akasema, bila kunitazama: "Dada yangu alichomwa Jumanne. Ijumaa mimba ikatoka."

Hilo ndilo lilikuwa swali. Miezi miwili kliniki walikuwa wakimweleza faida za chanjo, na yeye amebeba Ijumaa ya dada yake.

Hatua ya 4: Jibu lile lile aliloliuliza

Sema pole kwanza, na uimaanishe. Uliza habari za huyo dada, mimba ilikuwa ya miezi mingapi, sasa anaendeleaje. Usikimbilie takwimu juu ya msiba. Kisha omba ruhusa: "Naweza kukueleza ninavyolifahamu jambo hili?" Maneno machache tu, lakini ndiyo yanayomrudishia yeye usukani. Akikubali, eleza kwa ufupi.

Mimi nilimweleza hivi. Katika kila mimba 10 zinazojulikana, 1 hadi 2 hutoka zenyewe, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo, na mara nyingi ni kwa sababu mtoto hakutungika sawasawa tangu awali. Wanawake wengi huanza kliniki na kuchomwa katika miezi hiyohiyo. Kwa hiyo lazima watakuwepo ambao mimba itatoka wiki waliyochomwa, kama watakavyokuwepo ambao itatoka wiki waliyokwenda harusini au waliyopanda basi. Chanjo ya pepopunda imetolewa kwa mamilioni ya wajawazito kwa miongo kadhaa, na haijaonekana kuwatoa mimba zaidi ya wenzao wasiochomwa. Halafu nikamwambia jambo ambalo dada yake ndiye aliyehitaji zaidi kulisikia: si yeye aliyeiua mimba yake kwa kukubali sindano.

Akalia. Nikamwacha alie.

Hofu nyingine ni nyepesi kuzijibu, mradi usizidharau. Anayeogopa maumivu mwambie kweli: mkono utauma siku moja hadi tatu, pengine utavimba kidogo, na homa ndogo inaweza kuja. Anayeuliza wakati wa Ramadhani kama sindano inafunguza, mwambie wanazuoni wengi wanasema sindano isiyo ya lishe haivunji saumu, kisha mpe nafasi amwulize shehe anayemwamini. Usitoe fatwa kama huna elimu hiyo. Ni vyema zaidi kumwendea shehe au mchungaji mapema, kabla waumini hawajamwendea.

Kuna pia anayekumbuka UVIKO-19. Mwanzoni mwa 2021 wajawazito katika nchi nyingi waliambiwa wasubiri, baadaye wakaambiwa wachanjwe. Hapa Tanzania, Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani, na Julai mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Mwananchi aliyesikia yote mawili na akabaki na shaka hakukosea. Mwambie kwamba ya UVIKO ilikuwa mpya na watu walikuwa wakijifunza huku njia ikiendelea. Ya pepopunda huenda alichomwa hata mama yake alipokuwa na mimba yake yeye.

Kama ndugu unayezungumza naye yuko Uingereza, atakutana na orodha nyingine: kifaduro kuanzia wiki ya 16 ya mimba, na tangu Septemba 2024 chanjo ya kirusi cha RSV kinachoshambulia mapafu ya watoto, kuanzia wiki ya 28. Jina la sindano ni jingine, ila hofu utazikuta zilezile, kwa sababu simu zimeshazifikisha huko.

Hatua ya 5: Likija neno la kufunga kizazi

Litakuja. Hili nalipa hatua yake peke yake kwa sababu ndilo lililoturudisha nyuma kuliko yote, na kwa sababu wengi wetu hulijibu kwa kucheka. Usicheke. Lina historia, na ukiijua utajibu kwa heshima.

Tangu miaka ya 1970, wanasayansi nchini India walikuwa wakitafiti chanjo ya kuzuia mimba kwa muda. Waliunganisha sehemu ya homoni ya mimba, hCG, ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba cha mkojo, na chanjo ya pepopunda ili mwili uitambue. Wanawake walioshiriki walijua wanachochomwa, athari yake ilikuwa ya muda, na matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Chanjo hiyo haikuwa ya pepopunda ya kliniki. Lakini maneno mawili, pepopunda na kuzuia mimba, yalikuwa yamekwisha kukaa pamoja kwenye karatasi, na hayakuachana tena.

Kisha Kenya, mwaka 2013 na 2014, ikaendesha kampeni ya kuwachanja wanawake wa umri wa miaka 14 hadi 49 katika maeneo yenye hatari kubwa, kwa awamu tatu. Maaskofu Wakatoliki na chama cha madaktari Wakatoliki wa nchi hiyo wakasema sampuli za chanjo zimekutwa na hCG. Novemba 2014 nchi nzima ilikuwa ikilizungumza hilo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walijibu kwamba chanjo ni salama, na kwamba mashine za maabara zilizotumika zimetengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu. Ukizipa chanjo, yenye viungo vya kuitunza, majibu hayategemeki.

Novemba hiyohiyo, Mahakama ya Juu ya Namibia ilithibitisha kwamba wanawake wenye VVU walifungwa kizazi katika hospitali za serikali bila ridhaa yao ya kweli. Nakitaja kisa hiki kila ninapofundisha wahudumu wapya. Mwanamke wa Kiafrika anayeogopa kwamba mtu mwenye koti jeupe anaweza kumfunga kizazi bila kumwuliza hajaota ndoto. Imetokea. Alichokosea ni kuielekeza hofu kwenye sindano hii; hofu yenyewe ina mzizi.

Kwa hiyo anza kwa kuukubali mzizi. "Una haki ya kuuliza. Kuna mahali wanawake walifanyiwa hivyo." Kisha leta ushahidi ulio karibu naye, si wa Geneva kwenye makao ya Shirika la Afya Duniani. Mwulize ni nani katika ukoo aliyechomwa kwenye mimba ya kwanza. Alipata ya pili? Ya tatu? Sindano ya pepopunda huchomwa mimba kwa mimba mpaka dozi tano zitimie. Ingekuwa inafunga kizazi, kadi nyingi zingeishia dozi ya kwanza.

Akiuliza kwa nini wanawake tu na si wanaume, jibu ni kwamba mtoto hupata kinga kupitia kwa mama. Baba hana kondo la nyuma. Mwanamume akikanyaga msumari anachomwa chanjo hiyohiyo, na bado anazaa.

Hatua ya 6: Jua nani anaamua nyumbani

Unaweza kumaliza hatua zote vizuri na binti akawa tayari, kisha usiku mumewe akasema neno moja. Uliza mapema: "Jambo kama hili mnashauriana na nani?" Kama ni mume, omba kuja siku yuko, au mwombe aende naye kliniki. Usimwambie binti amfiche. Ikija kujulikana, mlango huo umefungwa kwako na kwa kila atakayekuja baada yako.

Mama mkwe ndiye ninayempenda zaidi katika kazi hii. Watu humhesabu kuwa kikwazo, kumbe mara nyingi ndiye aliyewahi kuona mtoto akikakamaa. Msalimie shikamoo, mpe nafasi yake. Mwulize: "Mama, zamani watoto wa siku saba waliokuwa wakikaza mdomo, mlikuwa mkiona?" Mmoja alinyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole watoto watatu wa jirani zake. Kisha akamgeukia mkwewe mwenyewe. Mimi sikuongeza kitu.

Hatua ya 7: Siku ya sindano

Fuatana naye ukiweza. Wapo waliokataa chanjo kwa sababu tu waliwahi kufokewa mbele ya foleni kwa kuchelewa kuanza kliniki. Mwambie muuguzi kwa upole, pembeni, kwamba mama huyu ana maswali.

Omba aonyeshwe kichupa. Jina limeandikwa, tarehe ya kuisha imeandikwa, na kwenye lebo au kifuniko kuna duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto; ukilingana nalo rangi au ukizidi kuwa mweusi, haichomwi. Onyesha bomba likifunguliwa kwenye pakiti yake mbele ya macho yake. Yanayotumika kwa chanjo hujifunga yakishatumika mara moja, hayavutiki tena. Dozi ni nusu mililita, begani. Nimeona wanawake wakikiomba kichupa wakishike, na wauguzi wema wakawapa.

Kabla hajaondoka, tarehe ya dozi iandikwe kwenye kadi na tarehe ya kurudi pia. Chukua kalenda ya ukutani nyumbani kwake, izungushieni pamoja. Asubiri kliniki kidogo, dakika 15 hivi, na umweleze kwamba homa kali au hali isiyo ya kawaida arudi mara moja.

Hatua ya 8: Akisema hapana

Usimtishe na kifo cha mtoto. Usimwambie atanyimwa huduma ya kuzaa. Si kweli, na ni ukatili. Sema: "Nimekuelewa. Nikipita tena wiki ijayo nitakukuta?" Kisha hamia kwenye yale mnayokubaliana. Ajifungue kituoni. Ikitokea amezalia nyumbani au njiani, kitovu kikatwe kwa wembe mpya na kisipakwe chochote ila dawa aliyopewa na mhudumu. Mtoto aliyekuwa akinyonya akiacha kunyonya, ni hospitali saa hiyohiyo, kabla ya kwenda kwingine kokote.

Yule binti wa nazi nilimwendea mara mbili tena. Mara ya tatu nilimkuta na dada yake, na maswali yote aliyauliza dada. Walikwenda kliniki pamoja.

Mimba ikiwa imefika miezi minane na bado hana dozi hata moja, usimwambie muda umepita. Achomwe ya kwanza leo. Kwa mtoto huyu pengine haitatosha, lakini ni mwanzo wa hesabu yake, na ya pili ataipata wiki 4 baadaye hata kama atakuwa ameshajifungua. Ila mwandikie wazi kwenye kadi, na umwambie mkunga atakayemzalisha kwa mdomo wako, kwamba mama huyu hajatimiza dozi mbili, ili kitovu cha mtoto huyo kiangaliwe kwa makini zaidi siku zote 28.